Baiskeli ya Umeme na Msiba wa Baba Mkwe

Nyumbani kwa wakwe zangu,
Chumba cha uani,
Jumapili, mwezi wa tatu wa ndoa yangu.

Mpendwa Shangazi wangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na goti lako la kushoto limepunguza fujo. Bado unapanda zile ngazi za kazini au wamekuhamishia chini kama ulivyoomba? Na yule jirani yako wa tarumbeta, amehama au wewe ndiye uliyezoea? Nakuuliza yote kwa mkupuo kwa sababu nimekukumbuka kupita kiasi, na kwa sababu nikifika kwenye habari zangu najua nitalia niloweshe karatasi.

Mimi mwili wangu uko salama. Mume wangu naye mwili wake uko salama. Hayo mengine ndiyo niliyokalia kukuandikia.

Najua umekwisha kusikia kwamba baba mkwe ametutoka. Mama yangu aliniambia ulimuuliza mara mbili kama ni kweli baiskeli uliyotutumia ndiyo iliyomuua. Shangazi, moyo uliniuma niliposikia umekosa usingizi kwa ajili ya zawadi. Ningekupigia simu siku ile ile, lakini chumba chetu na sebule vimetenganishwa kwa mbao tu, na nyumba imejaa ndugu. Hapa ukipiga chafya unaambiwa pole na watu usiowaona. Kwa hiyo naandika.

Kwanza niruhusu niseme habari za furaha, maana zilikuwepo, na sitaki msiba uzimeze zote.

Shangazi, nimeolewa! Bado nikiliandika neno hilo nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mume wangu ni mtu wa kupendwa kuanzia kisigino. Akinywa chai ananibakizia nusu kikombe, hata kama jiko limejaa chai. Akirudi kutoka kwenye dobi la hospitali, anakofua shuka, ananukia sabuni na pasi, na vidole vyake vimekunjamana kwa maji, nami huvishika mpaka vinyooke. Shoga zangu pale kwenye karakana ya kushona sare wamechoka kunisikiliza. Mmoja alisema, "Wewe bibi harusi, utatuambia lini ubaya wake, tupumue?" Nikamjibu anakoroma. Akasema, "Hata mimi nakoroma, mbona hunisifu?"

Baiskeli yako ilipofika ikiwa vipande ndani ya sanduku, mume wangu aliiunganisha sebuleni huku baba mkwe akitoa amri kitandani kwake, pale pale sebuleni. Unakumbuka nilikwambia baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na moshi wa miaka yote ile ukamla mapafu. Alikuwa amefungiwa mashine ya hewa ya hospitali, ile inayochomekwa ukutani na kunguruma mchana kutwa, yenye mrija mrefu wa kuingia puani. Mrija ulimruhusu kufika mlangoni, hatua moja zaidi haukutaka. Basi akatazama namna mwanawe anavyochomoa betri na kuichomeka kwenye soketi, akasema, "Hii ni baiskeli au pasi?"

Tangu siku hiyo akaiita mke mwenzangu. Kila jioni angeniuliza, "Mke mwenzako ameshakula?" yaani, betri iko kwenye chaji? Nami namjibu, "Anakula, baba, mlafi yule." Anacheka mpaka anashika kifua, na mama mkwe ananikaripia kwamba nitamuua kwa kicheko.

Shangazi, hujui ulitupa nini. Nyumba yetu iko juu ya kilima, na barabara imechimbwa kutoka chini hadi juu kwa ajili ya mabomba ya maji. Wakandarasi wakaichimba, wakaondoka. Magari yote yanaishia kwenye kituo cha mafuta bondeni. Kuanzia pale ni miguu yako na kijia chembamba pembeni mwa mtaro. Kabla ya baiskeli mume wangu alikuwa anafika nyumbani miguu imevimba, anakula kimya, analala. Nami nilikuwa nafika kazini viatu mkononi.

Ilipokuja, unabonyeza kitufe, unakanyaga kidogo tu kama mtu anayekanyaga cherehani, na kilima kinalala. Nakaa nyuma nimemshika kiuno, watu pembeni wanahema, sisi tunapiga soga. Ananishusha mlangoni kwa karakana, yeye anaendelea na hospitali yake. Jioni tunarudi na gesi, na unga, na siku moja tukampandisha mtoto wa jirani aliyevunjika mkono. Muuza maziwa akaanza kuulizia zinapatikana wapi. Mwalimu wa nyumba ya tatu akaagiza yake kabisa. Nilijiona kama ndiye niliyeileta dunia mpya kilimani, nikakutaja kwa kila mtu: shangazi yangu, shangazi yangu.

Jumapili ile, ya mwisho, tulikwenda kutembea. Tulifuata barabara ya lami ya kando ya mto, tukanunua machungwa, tukayala tumekaa juu ya ukuta, akaniambia mambo ambayo sitakuandikia kwa sababu wewe ni shangazi na mimi nina aibu. Tulirudi jua halijazama. Betri ilikuwa imeshuka sana. Nilimwona kwa macho yangu mawili akipiga magoti sebuleni, akachomeka chaja, taa nyekundu ikawaka. Baba akauliza swali lake la kila siku, nikampa jibu langu la kila siku. Weka hilo akilini, Shangazi. Alichomeka.

Alfajiri umeme ulikatika mtaa mzima. Nilichosikia kwanza si kelele, ni kimya. Mashine ya baba ilikuwa imenyamaza.

Tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba, lakini ulikuwa umetumika kwenye katikakatika za umeme za wiki ile, ukabaki na kidogo tu. Tulipiga simu hospitali. Wakasema gari la wagonjwa litakuja, lakini litasimama kwenye kituo cha mafuta. Kumbeba baba mpaka kule haikuwezekana. Tulijaribu kumbeba kwenye kiti, pumzi ikakata, midomo ikawa ya bluu, tukamrudisha kama tulivyomtoa. Mume wangu akasema, "Naufuata mtungi. Mtunza stoo namfahamu, nitakuwa hapa kabla huu haujaisha." Akakwapua betri, akaipachika, akatazama kipimo. Nilimwona akisita kidogo. Kisha akashuka.

Kushuka hakukuwa na shida. Alifika, akapewa mtungi, akaufunga kwenye keria kwa mipira ya kufungia shuka za dobi. Akaanza kupanda. Alipofika kwenye ile kona mbaya, palipochimbwa mara mbili, betri ikazima.

Baiskeli ya umeme ikikosa umeme, Shangazi, si baiskeli tena. Ni chuma. Yenyewe nzito, mtungi mzito, njia ni tope. Aliisukuma. Ikaangukia mtaroni, akaiacha humo, akabeba mtungi begani akapanda kwa miguu.

Sisi huku nyumbani, mama mkwe alikuwa amemshika baba mkono, mimi nampepea kwa mfuniko wa sanduku la nguo. Mtungi wa akiba ulikuwa umekwisha. Baba hakuonekana kuogopa. Alinitazama, akasema kwa kuvuta, neno moja moja: "Mke... mwenzako... anachelewa." Nilijaribu kumcheka. Sijui kama kilitoka kicheko au kitu gani.

Mume wangu aliingia mlangoni na mtungi begani, tope mpaka kifuani, mara tu baada ya mama kumfumba baba macho. Aliutua mtungi taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kisha akakaa chini pembeni yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia kwa niaba ya nyumba nzima.

Ya msibani sitakusimulia sana, umezika watu wako, unajua. Lakini baba mkubwa, kaka wa marehemu, alipoambiwa habari za betri aliwauliza watu wote waliokaa uani, "Hivi ni kweli? Kijana anamzungusha bibi harusi mjini kwa starehe zao, chaji inaisha, baba yake anakata roho kitandani?"

Nilisubiri mume wangu aseme alichomeka. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme mwenyewe. Akanitangulia, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi: "Ni kweli, baba mkubwa. Tulikwenda kutembea, na niliporudi nikasahau kuchaji. Kosa ni langu."

Shangazi, nilidhani msiba umemvuruga kichwa.

Tangu hapo mimi ni yule aliyemaliza chaji. Wifi yangu, aliyenisuka nywele siku ya harusi na kuniita pacha wake, sasa ananiita "huyu". "Huyu amepika?" "Mwambieni huyu alete maji." Shangazi zake mume wangu wanapunguza sauti nikiingia. Mama mkwe hanisemi kwa ubaya, ila siku moja, akipepeta mchele, alisema bila kunitazama, "Mngekuwa mnatembea kwa miguu kama watu." Basi. Hilo moja tu. Ningependelea anipige.

Mwalimu wa nyumba ya tatu amefuta oda yake. Muuza maziwa anasema baiskeli za chaji ni vitu vya wapenzi, si vya watu wenye shughuli. Baiskeli yetu iko nyuma ya tangi la maji, imefunikwa shuka. Mume wangu anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na miguu imeanza kuvimba kama zamani. Mimi namfuata nyuma, viatu mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Hospitali walituma mtu kuchukua mashine yao ya hewa. Mama mkwe alikuwa anaifuta vumbi kabla haijaondoka, na mdogo wake, ambaye sote tunamwita mama mdogo, alikuwa anakunja mrija. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe. Mama mdogo akamsifu kwa jinsi mashine ilivyotunzwa, inang'aa kama mpya.

Mama akasema, "Niliichunga hii kuliko nilivyochunga watoto. Umeme wa huku jioni unalegea, nikawa naisikia inanung'unika. Basi wenyewe wakishaingia chumbani kwao, nachomoa kale kachaja kao, mashine inywe umeme wote peke yake. Asubuhi kabla hawajaamka nakachomeka tena. Hawakujua hata siku moja."

"Una akili, dada," akasema mama mdogo.

"Nilimpenda mume wangu," akasema mama.

Alisema kwa fahari, Shangazi. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu tuzike. Mama mdogo naye akaitikia tu na kuendelea kukunja mrija. Hakuna hata mmoja wao aliyeunganisha. Nikatoka haraka na sinia langu.

Siku zote ilitosha, kwa sababu safari ya kazini ni fupi na mama alikuwa anaichomeka tena asubuhi. Siku ile betri ilikuwa tupu kwa matembezi yetu, na asubuhi hakukuwa na umeme wa kurudishia. Na huenda mama hakukosea hata kuhusu ule mnung'uniko, mimi si fundi. Huenda alimwongezea baba siku nyingi kwa mkono huo huo.

Nilikwenda dobini mchana, saa yao ya kula. Nyuma ya hospitali kuna kamba ndefu za shuka, ukiingia katikati huonekani, na mashine za kufulia zinanguruma, husikiki. Nilimkuta anaanika. Nilikuwa na furaha, Shangazi, nakiri, furaha ya kijinga. Nilidhani namletea dawa. Nikamwambia yote: hukusahau, ulichomeka, nilikuona, ni mama aliyechomoa, sasa utasema, sasa wataniita tena wifi.

Aliendelea kubana shuka. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Asubuhi ile. Nilipochukua betri nilikuta waya umelala sakafuni. Na chini ya soketi kulikuwa na kandambili za mama. Alikuwa amekuja kuchomeka, akakuta umeme hakuna, akamkimbilia baba pekupeku."

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama mbele ya watu akajibebesha. Akanitazama kama vile nimemuuliza jambo la ajabu.

"Ningesema nilichomeka, wangeuliza nani alichomoa. Usiku ule nyumba ilikuwa na watu wanne. Baba asingeweza kuinama."

Nikamwokotea kibanio kilichoanguka.

"Mimi nitasemwa mwaka mmoja," akasema, "watachoka. Yeye akijua, hatachoka. Atakuwa anachomoa ule waya mpaka afe." Halafu akanishika kidole kimoja tu, kwa sababu vingine vilikuwa vimeshika shuka, akasema, "Wewe ndiye nimekukosea. Nimekuingiza bila kukuuliza. Ukitaka nikuondolee hili jina, sema, nitasema leo."

Shangazi, unajua mimi nilivyo. Unajua nisivyoweza kumeza neno. Darasani nilifukuzwa nje kwa kudai haki ya dawati. Nilisimama pale katikati ya shuka nikamfikiria wifi na lile "huyu" lake, nikafikiria kuishi nalo nikipata watoto, kwenye harusi zao, kwenye misiba yao. Nikamfikiria mama na lile tabasamu. Nikamwambia mume wangu, "Shika vizuri, shuka inaburuta chini." Akaelewa.

Juzi mama mkwe alikuja mlangoni kwa chumba chetu. Hajawahi kuja. Alisimama, akashika pazia, akauliza kuhusu mambo mengine, chumvi, sijui sabuni. Kisha akasema, "Mwanangu, ile betri yenu. Ikichomolewa kidogo tu, halafu ikarudishwa, huwa inajaa?"

Macho yake, Shangazi. Nadhani ameanza kuhesabu.

Nikamwambia, "Inajaa, mama. Ikichomekwa jioni, hata ikikatwa katikati inajaa tu. Siku ile tuliuchomeka waya mtupu ukutani, betri yenyewe hatukuiunganisha. Tulilewa matembezi, tukasahau."

Nikaona uso wake unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, unapumzika na unanichukia. Akasema, "Vijana nyie," akaachia pazia, akaondoka. Nilikaa kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kunichukia kwa sababu ninayoitaka mwenyewe.

Kwa hiyo hii ndiyo kweli ya baiskeli yako. Haina kosa, wala wewe huna. Usiulize tena kwa mama yangu, mwambie nimekueleza na umeridhika. Yeye simwambii, unamjua, angepanda basi siku hiyo hiyo kuja kunipigania.

Nina ombi moja, na ndilo lililonikalisha hapa tangu asubuhi. Utapiga simu kumpa pole mama mkwe, najua, hujapata nafasi tu. Atakwambia. Atakwambia mwanao na mwanangu walikwenda kutembea wakamaliza chaji, wakasahau. Huenda akasema nililelewa ovyo, na wewe ndiye uliyenilea nusu ya utoto wangu. Shangazi yangu, kwa jinsi unavyonipenda: usinitetee. Usiseme hata "labda". Mwambie, "Pole, mwenzangu, watoto wa siku hizi hawana akili." Sema hivyo hivyo, kwa sauti yako ile ya ukali. Akikusikia umekubali wewe, mtu wangu mwenyewe, ndipo ataamini na kulala.

Nisalimie mjomba na miwani yake, na mapacha, waambie sare zao nimeshakata kitambaa. Mpe pole yule mpangaji wako wa juu aliyeumia mguu. Mume wangu anakuamkia na anasema asante kwa zawadi, alisema hivyo bila kuambiwa, nikamwangalia nikazidi kumpenda.

Mwenyezi Mungu akulindie goti lako na moyo wako, akukutanishe nasi tukiwa na habari nyepesi kuliko hizi.

Mimi mtoto wako wa kaka, nikupendaye kwa mbali na kwa karibu,

Kidawa wako Mdomo Mrefu, anayejifunza kunyamaza.